Kazi ya Kuopoa Meli

Kuopoa meli ni kukiondoa chombo, au mali iliyomo ndani yake, katika hatari ambayo kingeangamia kama kingeachwa kilipo. Chombo kinaweza kuwa kimepanda mwamba, kimelala ubavu, kinawaka moto, kimeharibika usukani na mawimbi yanakisukuma pwani, au kimeshafika chini. Kazi hii si sawa na kuokoa watu, ingawa mara nyingi zote mbili huanza saa ileile na mahali pamoja. Kuokoa watu ni wajibu wa kila nahodha, na sheria za bahari hazimpi haki ya kumdai malipo mtu aliyemtoa majini. Kuopoa chombo ni biashara, yenye mafundi wake, mikataba yake na ushindani wake. Tofauti nyingine ni ya mwendo. Anayeokoa watu hushindana na dakika. Mwopoaji naye ana saa inayomkimbiza, lakini sehemu kubwa ya hasara katika kazi hii hutokana na jambo lililofanywa kabla ya kupigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe mwanzo wake ni mwepesi. Chombo huelea kwa kuwa kinasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina uzito wa tani moja. Ya maji ya bahari huzidi kidogo, kilo 1,025 hivi. Chuma chenyewe hakielei. Kinachoelea ni hewa iliyozungushiwa chuma. Kwa hiyo mwopoaji afikapo kwenye ajali huanza na maswali mawili: uzito uko wapi, na hewa iko wapi? Tagi, pampu, minyororo na mifuko ya mpira ni njia tu za kuhamisha kimoja au kingine.

Chombo kilichokwama

Meli ikipanda fungu la mchanga, jambo la kwanza linalomjia nahodha ni kurudisha injini nyuma kwa nguvu zote. Mafunzo ya kazi yanasema kinyume: simamisha injini. Propela inayozunguka kwenye maji haba huchota mchanga, na mchanga huo hunyonywa na mabomba ya maji ya kupoza injini, kisha meli iliyokwama inakuwa pia meli isiyo na injini. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Bodi ikiwa imetoboka, huenda jiwe lililoitoboa ndilo linaloziba tundu. Meli ikivutwa ikatoka pale, inaacha kizibo chake nyuma na kwenda kuzama kwenye kina kirefu, mahali ambapo kuiopoa kutagharimu mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo injini husimamishwa, watu huhesabiwa, na vipimo huanza. Kila tangi hupimwa kuona kama maji yanaongezeka. Ngama hupimwa. Kisha mabaharia huzunguka meli kwa mashua wakishusha bildi, yaani timazi ya kupimia kina, hatua kwa hatua, omo hadi tezi (mbele hadi nyuma), na kuandika kina cha kila mahali. Bildi ya zamani ina kishimo chini yake kinachopakwa mafuta mazito. Ikigusa chini huleta juu chembe za kile ilichokigusa. Ikirudi na mchanga, nahodha anapumua. Ikirudi na vipande vya matumbawe, au ikirudi safi ikiwa na alama ya kugongwa, kazi itakuwa ndefu. Vyombo vya sauti vya kupimia kina ni vyepesi na vya haraka, lakini haviwezi kuonyesha kiganjani kitu kilichotoka chini ya mkuku.

Baada ya hapo husomwa alama za namba zilizopakwa omo na tezi, zinazoonyesha meli imezama kiasi gani. Namba hizo hulinganishwa na zile zilizoandikwa ilipotoka bandarini. Tuseme meli imeinuka sentimita 30 kuliko kawaida yake, na kwamba ni meli inayohitaji tani 20 ili izame sentimita moja. Tani 600 hazibebwi tena na maji; zimekalia ardhi. Ili kuiburuta lazima msuguano ushindwe, na msuguano unategemea kilicho chini. Kwenye mchanga, nguvu inayohitajika ni kama theluthi moja ya uzito huo, kati ya tani 180 na 240. Kwenye matumbawe inafika 300 hadi 480. Kwenye mwamba mkavu inaweza kuuzidi uzito wenyewe. Tagi nzuri ya bandarini huvuta tani 50 hadi 70. Mchangani, basi, tagi nne zinaweza kutosha. Juu ya mwamba kundi zima la tagi litaishia kukata waya, na waya mnene ukikatika ukiwa umevutika huruka kwa kasi ya kumkata mtu miguu. Ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake.

Mwopoaji mzoefu, basi, hupunguza uzito kwanza ndipo avute. Shehena hupakuliwa kwenye tishari, mafuta huhamishwa, farumi ya maji hupigwa pampu nje. Na hungoja mwezi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, maji ya bamvua, ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4, lakini wakati wa maji mafu, katikati yake, tofauti ni ndogo sana. Meli iliyokwama maji yakiwa yametoka ina bahati, kwa kuwa saa sita zijazo zitaileta bahari chini yake. Iliyopanda fungu kwenye kilele cha bamvua itasubiri wiki mbili hadi bamvua nyingine, na kila maji yanayojaa katikati yatakuwa mafupi kuliko yale yaliyoipandisha.

Katika kungoja huko hufanyika jambo ambalo mtu wa nchi kavu huliona la ajabu: meli huongezwa uzito. Matangi hujazwa maji ili ilale imara chini. Isipobanwa hivyo, kila wimbi litainyanyua kidogo na kuitua mbele zaidi, na asubuhi itakutwa imesogea ufukweni, bodi imepondwapondwa. Maji hayo hutolewa siku ya kuvuta, muda mfupi kabla ya bahari kujaa.

Nyingi kati ya hatua hizo zilionekana na dunia nzima kwenye Mfereji wa Suez mwaka 2021. Tarehe 23 Machi, meli ya makontena Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikaa mshazari kati ya kingo mbili, omo imechomeka ukingo mmoja na tezi ukingo wa pili. Ilikuwa na makontena zaidi ya 18,000. Picha iliyosambaa ni ya katapila moja dogo likichimba chini ya omo kubwa kama jengo la ghorofa, na watu walicheka sana. Kazi iliyoitoa haikuwa na kichekesho. Meli ya kuchimba iitwayo Mashhour ilinyonya mita za ujazo 30,000 hivi za mchanga na tope, farumi ilipunguzwa, tagi zaidi ya kumi zilipangwa, na kalenda ilikuwa upande wao: mwezi mpevu ulikuwa tarehe 28. Tarehe 29, maji yalipopanda, tezi iliachia kwanza, kisha omo. Mpango wa kupakua makontena, ambao ungehitaji kreni ndefu zisizopatikana karibu, haukuhitajika.

Chombo kilicholala ubavu

Chukua sinia pana, mimina maji kidogo, kisha tembea nalo. Ukiliinamisha upande kidogo tu, maji yote hukimbilia upande huo na kulivuta zaidi. Maji yaleyale ndani ya jagi jembamba hayaleti shida. Katika meli mambo ni hayohayo, na ubaya wake hukua haraka kuliko upana. Tangi likiongezwa upana maradufu, madhara ya maji yanayocheza ndani yake hayaongezeki mara mbili bali mara nane. Kinyume chake nacho ni kweli: tangi likigawanywa katikati kwa ukuta mmoja wa kutoka omo kwenda tezi, madhara hushuka hadi robo. Ukuta huo mmoja ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kabisa vinavyozuia vifo baharini.

Feri za magari zimejengwa kama sinia. Sitaha ya magari lazima iwe wazi mwisho hadi mwisho, ili lori liingie upande mmoja na kutokea mwingine. Tarehe 6 Machi 1987, feri Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa haijafungwa. Maji yaliingia kwenye sitaha hiyo, na kwa muda wa dakika mbili hivi feri ilikuwa imelala ubavu. Watu 193 walikufa nje kidogo ya bandari ambayo ilikuwa bado inaonekana vizuri. Hata maji yaliyoletwa na nia njema hufanya hivyohivyo. Meli ya abiria Normandie ilishika moto New York tarehe 9 Februari 1942 ikiwa imefungwa gatini. Wazimamoto waliimwagia maji kutoka nchi kavu na kutoka kwenye mashua zao hadi moto ukatulia, lakini maji yalibaki kwenye sitaha za juu. Usiku uleule ikapinduka palepale gatini. Tangu hapo mafunzo ya kuzima moto melini husisitiza kwamba kila tani inayomwagwa ndani lazima ihesabiwe na itafutiwe njia ya kutoka.

Chombo kikishapinduka kabisa, mkuku juu, hesabu hubadilika. Kikombe cha bati kikikandamizwa kifudifudi ndani ya beseni la maji, hewa hubaki ndani yake, na kikombe hukataa kuzama. Kikitobolewa tundu dogo kitakoni, hewa hutoka ikipiga mluzi na kikombe huenda chini. Meli iliyopinduka ni kikombe hicho.

MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza kutoka Bukoba, imejaa watu kupita kiasi. Haikuzama mara moja. Ilielea chini juu, na iliaminika kuwa ndani bado wamo watu hai. Bodi ilitobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka, maji yakapanda ndani kuchukua nafasi yake, na meli ikaenda chini. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 900. Waliotoboa chuma kile walitaka kuokoa watu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka na ujuzi wa kusema kwamba hewa ile ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli, na ndiyo iliyokuwa ikivutwa na waliomo.

Utaratibu unaofundishwa unaanza kwa kukishikilia chombo. Mifuko ya hewa au vyombo vingine hufungwa ubavuni, na ikiwezekana hewa zaidi husukumwa ndani kwa kompresa. Wazamiaji hutafuta njia ya kuingia kutoka chini, kupitia milango na madirisha ya meli yenyewe. (Mzamiaji wa hapa ni yule wa kupiga mbizi, si yule kijana wa bandarini anayejificha melini akitafuta Ulaya.) Ikilazimu kukata bodi, kwanza huchomewa juu yake kijumba cha chuma kisichopitisha hewa, chenye mlango wake. Mkataji huingia, mlango hufungwa nyuma yake, ndipo chuma kinapokatwa, na hewa ya ndani haina pa kukimbilia.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilohilo, na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai. Alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa. Kivuko chenyewe kiliwekewa maputo ya hewa, kikageuzwa taratibu na kuvutwa ufukweni. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu Bukoba, na tofauti ya namna vyombo hivyo viwili vilivyoshughulikiwa baada ya kupinduka ni somo kamili la kazi hii. Tofauti ya namna vilivyopakiwa kabla ya kuondoka haikuwepo.

Kukigeuza chombo kilicholala ubavu juu ya ardhi ni kazi ya kamba na subira. Kazi kubwa kuliko zote za aina hiyo kwa meli ya abiria ni ile ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa tarehe 13 Januari 2012, ambapo watu 32 walikufa. Ilikuwa na urefu wa mita 290 na imelala kwenye mteremko wa jiwe, hivyo hofu ya kwanza ilikuwa kwamba itateleza kwenda kwenye kina. Waopoaji, chini ya Nick Sloane wa Afrika Kusini, walianza kwa kuifunga isitoroke. Kisha wakajenga chini ya maji jukwaa la chuma ambalo meli ingelikalia, na wakajaza mifuko ya zege kwenye mapengo ya mwamba. Ubavu uliokuwa juu ulichomewa masanduku makubwa ya chuma. Tarehe 16 Septemba 2013 majeki ya haidroli yalianza kuvuta nyaya. Kwa saa kadhaa mtu wa ufukweni hakuona kitu. Baadaye mstari wa uchafu wa kahawia ukaanza kujitokeza juu ya maji, sentimita kwa sentimita, ukionyesha mahali ubavu ulipokuwa umezama kwa miezi 20. Baada ya saa 19 meli ilikuwa imesimama wima. Masanduku mengine yalifungwa upande wa pili, maji yakatolewa ndani yake, na Julai 2014 ikaelea na kuvutwa hadi Genoa kukatwa vyuma chakavu. Gharama ya kuiondoa ilizidi bei ya kuijenga, na mzamiaji mmoja alipoteza maisha katika kazi hiyo.

Chombo kilichofika chini

Kuinua kilichozama ni kurudisha hewa mahali ilipotoka, au kufunga hewa nyingine nje. Matundu huzibwa na wazamiaji, maji hupigwa pampu. Kina kikiwa kidogo, kuta za mbao au chuma huweza kujengwa kuzunguka sitaha hadi juu ya maji, na chombo hukaushwa kama kisima. Kwenye kina zaidi hupitishwa minyororo chini ya mkuku, ikafungwa kwenye matishari mawili. Maji yakitoka minyororo hukazwa, yakijaa matishari hupanda na mzigo wao, nao huvutwa hadi mahali pa kina kidogo. Kesho huanza upya. Bahari yenyewe ndiyo kreni.

Mifuko ya hewa ni myepesi kusafirisha lakini ina hila. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mfuko uliojazwa mita moja ya ujazo ya hewa huko chini utakuwa na mita mbili ukifika juu. Maana yake, chombo kikishaanza kupanda, nguvu inayokiinua huongezeka kila mita, nacho hupanda kwa kasi zaidi na zaidi hadi kichomoze kwa kishindo, hewa imwagike, kirudi chini. Kwa hiyo mifuko mizuri huwa na mlango wa kutolea hewa inayozidi, na hufungwa kwa kamba ndefu, ili ifike juu ya maji mapema, isite na kazi ipangwe upya. Tope nalo lina mkono wake. Bodi iliyokaa muda mrefu huwa imenyonywa, na hukataa kabisa kuachia, kisha huachia ghafla. Mafundi husukuma maji kwa bomba chini ya bodi kulegeza mshiko huo.

Mfano bora wa kuopoa chombo ambacho baadaye kilipandwa na abiria wa kawaida uko Ziwa Tanganyika. Wajerumani walijenga Graf von Goetzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya adui yakikaribia, iliamriwa izamishwe. Mafundi walioijenga waliitii amri hiyo kwa namna yao. Walipaka mitambo yote grisi nzito, wakaipakia meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha polepole karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kwenye kina cha mita 20 hivi, ili siku moja iweze kuinuliwa. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena Kigoma kwa dhoruba. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kukuta injini na boila zinafaa kutumika. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na ikabeba watu na dagaa kwa miongo mingi baadaye. Ni nadra chombo kuzamishwa na mtu anayemfikiria atakayekuja kukiopoa.

Vita hiyohiyo iliacha mfano wa kinyume: wakati mwingine chombo huachwa na mali huchukuliwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliposhindwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 haikuwa na uwezo tena wa kuelea, lakini mizinga yake kumi ilitolewa, ikawekewa magurudumu na kuburutwa nchi kavu vita nzima. Mmoja uko Pretoria, mwingine Fort Jesus, Mombasa.

Katika kazi hizi zote hatari moja haionekani. Chuma kinachopata kutu hula oksijeni ya hewa iliyo karibu nacho. Chumba cha meli kilichofungwa kwa wiki chache, kikavu kabisa na chenye hewa isiyo na harufu yoyote, kinaweza kumwangusha mtu kwa pumzi mbili. Shehena iliyooza, nafaka au samaki au ngozi, hutoa gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza mwanzoni, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Mara nyingi hufa watu wawili au watatu pamoja: wa kwanza ameanguka, wa pili ameingia kumtoa, wa tatu amewafuata. Kanuni ni kupima hewa kwa kifaa kabla ya mtu kushuka, kupuliza hewa safi, na kuweka mtu mlangoni asiyeruhusiwa kuingia kwa sababu yoyote ile.

Malipo

Mkataba wa kale wa kazi hii unatumia fomu ya Lloyd's ya London, iliyoanza kuchapishwa rasmi mwaka 1908, na moyo wake ni maneno machache: pasipo kuokoa hapana malipo. Bei haiandikwi. Nahodha na mwopoaji hukubaliana, hata kwa redio, kazi inaanza palepale, na baadaye msuluhishi huko London hupima thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari na ustadi uliotumika, ndipo akate malipo. Uzuri wake ni kwamba hakuna kupatana bei wakati meli inaelekea mwambani.

Angalau hivyo ndivyo inavyokusudiwa. Tarehe 16 Machi 1978, meli ya mafuta Amoco Cadiz iliharibika usukani karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa. Tagi ya Kijerumani Pacific ilifika na kufunga waya, huku masharti ya mkataba yakibishaniwa kwa saa kadhaa. Waya ulikatika, meli ikapanda mwamba, na zaidi ya tani 220,000 za mafuta zikamwagika.

Meli kama hiyo ilifichua kasoro ya fomu yenyewe. Kama malipo yanatokana na mali iliyookolewa, nani atakwenda kuhangaika na meli kuukuu iliyovunjika, isiyo na thamani, lakini yenye mafuta yanayoweza kuua pwani nzima? Mkataba wa Kimataifa wa Uopoaji wa mwaka 1989, ulioanza kutumika 1996, ulijibu kwa kumpa mwopoaji fidia maalumu anapozuia uchafuzi, hata kama meli imepotea. Mahakama ya juu ya Uingereza, katika shauri la meli Nagasaki Spirit la mwaka 1997, iliamua kuwa fidia hiyo inarudisha gharama bila faida. Waopoaji hawakufurahi, kwa kuwa kampuni haiwezi kuweka tagi na wazamiaji tayari mwaka mzima kwa kurudishiwa gharama tu. Mwaka 1999 kikatungwa kifungu cha nyongeza chenye viwango vya malipo vilivyokubaliwa mapema na wenye bima, na hicho ndicho kinachotumika zaidi tangu hapo.

Linabaki gofu lenyewe, lile ambalo hakuna anayetaka kuliopoa. Mkataba unaolihusu ulipitishwa Nairobi tarehe 18 Mei 2007 na hujulikana kwa jina la mji huo. Ulianza kutumika Aprili 2015. Unalipatia taifa la pwani mamlaka ya kumlazimisha mwenye meli kuondoa gofu linalozuia njia au kuhatarisha mazingira hadi maili 200 kutoka ufukweni. Mwenye meli ya ukubwa wa tani 300 au zaidi analazimika kuwa na bima ya gharama hizo, na hati ya bima lazima iwemo melini. Mwenye gofu akitoweka, taifa huidai kampuni ya bima moja kwa moja.

Na vile vinavyosukumwa ufukweni baada ya ajali, mapipa, mbao, kontena lililopasuka, si mali ya aliyeviokota kwanza, ingawa pwani nyingi duniani zimeishi kwa imani hiyo. Katika sheria za vyombo vya majini za Kenya na Tanzania, kama ilivyo Uingereza zilikotoka, yupo afisa wa kupokea mabaki ya meli. Aliyeokota anapaswa kumjulisha. Mwenye mali hupewa muda wa kujitokeza, na akijitokeza, mvuvi aliyelivuta pipa lake hadi mchangani ana haki ya kulipwa kama mwopoaji.